Msuli Umechanika

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na kila mvua inapoupiga uwanja wetu wa Nyamugari, hapa Gitega, inanirudia bila kupenda. Uwanja ulikuwa utelezi mtupu. Eliya, mshambuliaji wetu, alikuwa anaukimbiza mpira pembeni, beki wa timu ngeni akamwingia na goti, likamkita pajani kwa mbele. Mimi nilikuwa golini, mbali kabisa, lakini kishindo nilikisikia. Eliya aliinuka akichechemea, akaomba kutoka, akatuambia, "Jamani, msuli umechanika."

Basi tukacheka.

Ngoja nikueleze, maana nyie wa leo mnajua Kiswahili cha kwenye simu kuliko cha nyumbani. Eliya alizaliwa na kukulia kwenye kambi za wakimbizi Tanzania, na wazazi wake waliporudi Burundi walishika jembe kule Mwakiro, mkoani Muyinga. Yeye alikuja Gitega kutafuta maisha, akabeba abiria kwa baiskeli, akapanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni. Sasa sisi wa Nyamugari, nyumba za Kiislamu, msuli tunaujua: ni ile nguo ya mraba mraba baba anayojifunga kiunoni akitoka msikitini. Vya ndani ya mwili vyote kwetu ni mshipa. Kinachopitisha damu ni mshipa, kinachokaza paja ni mshipa, kinachotia vidole ganzi nacho ni mshipa. Na baba yangu mimi Sefu alikuwa fundi cherehani.

"Msuli yako imechanika?" mmoja akamjibu. "Donc basi peleka kwa baba yake Sefu, atashona."

Eliya mwenyewe alicheka, huku amelishika paja kwa mikono yote miwili. Kicheko hicho kinaniuma mpaka leo.

Tukampeleka kwa Mzee Rajabu, mkandaji wa mtaa. Usinielewe vibaya. Mzee Rajabu hakuwa mtu mbaya, na mimi nimechoka na hadithi ambazo kila msiba lazima uwe na mchawi wake. Vidole vyake vilikuwa vimenyoosha shingo na migongo ya watu wengi wa Nyamugari, na babu yangu alikuwa mmoja wao. Alilipapasa paja, akatikisa kichwa.

"Hii ni mshipa imehama. Iko hapa, mi naisikia. Leteni maji ya moto."

Yakaja maji ya moto, yakaja mawese, na Mzee Rajabu akausukuma huo mshipa wake kutoka gotini kwenda juu kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu zote. Eliya aliuma ukosi wa shati. Kesho yake akarudishwa, na keshokutwa. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Eliya alisikia la mkuu, alisikia la wakuu wote, na ni guu hilo hilo lililomwangamiza. Methali haisemi uongo, mwanangu, ila haikuambii ni mkuu yupi anayejua nini. Hilo unaachiwa ulitafute mwenyewe.

Nilikuja kuelewa baadaye, nilipojifunza kuuguza wachezaji, kilichokuwa mle ndani. Goti likilikita paja, nyama inabanwa kwenye mfupa na damu inavia ndani, haionekani. Damu ile inataka baridi na utulivu. Kitambaa cha maji baridi, bendeji, mguu uinuliwe juu ya mto, mchezaji apumzike, basi. Wengi hupona hivyo wakarudi uwanjani. Ukipeleka moto na vidole gumba, unaifungulia damu iendelee kuvuja. Nakwambia haya ujue kwamba Eliya hakupigwa na jambo kubwa. Lilikuwa goti tu.

Paja lilivimba hata suruali ikakataa kupanda. Baba yangu akafungua sanduku, akatoa msuli wake mzuri wa Ijumaa, akampa ajifunge. Eliya akautazama, akamtania mzee, "Haya baba, huu bado haujachanika." Baba akacheka. Siku hiyo hiyo homa ikaanza, na baridi ya kutetemesha meno.

Kwetu huku mwili ukichemka huulizi, unajua. Malaria. Eliya akaona bora aende Mwakiro akauguzwe na mama yake. Kule kwenye kituo cha afya alieleza homa, akapewa dawa ya homa. Paja hakulitaja. Kwa nini alitaje, na paja lilikwisha kuwa na daktari wake, Mzee Rajabu wa Gitega? Pale nyumbani jirani mmoja aliendelea kulikanda kwa maji ya moto, kama tulivyoagiza. Homa ikawa na njia yake, paja nalo na njia yake, na katikati ya njia hizo mbili Eliya akawa anakwisha.

Nilikwenda kumtazama kwa gari la abiria, kupitia Karuzi. Nilimkuta amelala mkekani na msuli wa baba, macho yamekuwa manjano, midomo imepasuka. Mama yake, mwanamke mwembamba asiyejua kukaa bure, alikuwa amekaa bure.

"Mwanangu Sefu," akaniambia, "hii malaria haisikii dawa."

Niliufunua msuli. Paja liling'aa kama limepakwa mafuta, na nilipoligusa, lilikuwa la moto kuliko mwili wote. Niliogopa, mwanangu. Majirani wakaleta ingobyi, ile machela ya kusuka tunayobebea wagonjwa vilimani, wakampokezana begani mpaka barabarani, tukapata gari la kutufikisha hospitalini Muyinga.

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole wa sauti. Alilitazama paja, akauliza tulifanya nini na tulianza lini. Tukamweleza yote.

"Homa mlipeleka huku, paja mkapeleka kule," akasema. "Sasa huyu iko mtu mmoja ao wawili?"

Akatufafanulia taratibu, hana hata hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Ile damu iliyovia ndani ya msuli iliingiwa na vijidudu, ikageuka usaha chini kabisa, karibu na mfupa, na usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu ya mwili mzima. Homa ilikuwa inatoka humo humo pajani.

"Siku aliumia, yeye mwenyewe alisema nini?"

"Alisema msuli umechanika," nikamjibu.

"Basi alisema kweli. Nani alimusikia?"

Walilipasua paja siku hiyo. Kilichotoka sikuelezi. Eliya aliamka kidogo akanishika mkono, na neno alilosema lilikuwa la baiskeli yake, kwamba nisiiache mvuani, mnyororo utapata kutu. Nikamwambia iko ukumbini kwetu. Akaridhika. Kesho yake kulipopambazuka alifariki.

Tulimzika Mwakiro, kando ya shamba lao la maharage. Mama yake aliufua ule msuli, akaukunja vizuri, akanipa nimrudishie baba. Baba hakuuvaa tena, na hakukubali apewe mtu. Alipofariki, ukabaki kwangu. Mzee Rajabu nilipompelekea habari aliitazama mikono yake, akawa kama hajui aiweke wapi.

Sasa unajua kwa nini ukija kwangu na mguu unauma nakutandikia msuli huo wa zamani kwenye benchi, nawe unawanong'oneza wenzako kwamba mzee huyu ana maswali mengi. Nivumilie. Kuuliza si ujinga. Nitakuuliza uligongwa, au ulikuwa unakimbia peke yako ukasikia kitu kimekatika nyuma ya paja, maana hayo ni maumivu mawili tofauti. Nitakwambia ukunje goti nione linafika wapi. Nitagusa kwa ncha ya kidole, na ukiona mtu anakuja na maji ya moto siku ya kwanza, hata akiwa mjomba wako, mwambie kwa adabu asubiri. Na usiniletee habari za mechi ya Jumapili. Msuli unaunga polepole, na anayeukimbilia kabla haujaunga huuchana upya, vibaya kuliko mwanzo. Utarudi utakapokimbia kwa kasi yako yote na usikumbuke ni mguu upi ulioumia.

Lakini paja likiendelea kuvimba, au likawa gumu na la moto, au mguu ukafa ganzi, au homa ikakushika ungali unauguza jeraha, usije kwangu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vua suruali usione haya, onyesha paja, taja homa, taja aliyekukanda, vyote kwa mtu mmoja, kwa kinywa kimoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Eliya hata hakuficha. Aligawanywa tu.

Na wewe ambaye hukuumia, uliye pale pembeni ya uwanja, nawe nina lako. Mwenzako akilitaja umivu lake kwa neno usilolizoea, usimsahihishe. Muulize ana maana gani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu ya kukupeleka na ya kukurudisha kwa mama yako. Akupe ulimi wa kusema panapouma. Na siku utakayosema, akujalie watu wasiocheka.