Muuza Maziwa wa Kaloleni na Kilima Kilichojaa

Jua halijachomoza vizuri Kaloleni, na Spesioza Mukandori tayari anazozana na mteja.

"Keti kwanza," anamwambia Zedekiah Omolo, fundi wa reli anayetaka kugida maziwa lala akiwa wima, akimbilie kazini.

"Huyu mama atafanya nifutwe," Omolo analalamika, lakini anajibana kwenye benchi.

"Kwetu maziwa hayanywewi mtu akiwa amesimama, wala mtu hanyimwi," Mukandori anasema huku akisukasuka kibuyu. Kikombe ni shilingi mbili, na nyingi zinaishia kwenye dawa za babake.

Kwao ni Rwanda, nchi ya milima, ambako watu hawajengi kwa kurundikana vijijini. Kila familia ina kilima chake: nyumba juu, migomba ubavuni, mtama bondeni. Chao ni Nyarubande, karibu na mlima Muhabura. Mwaka 1959, nyumba za Watutsi zilipochomwa, babake, Mzee Rutayisire, alimbeba mgongoni hadi Uganda. Uhuru wa Rwanda wa 1962 uliwakuta kambini. Wanajeshi walipotwaa serikali ya kwao mwaka 1973, baba na binti walifunga virago wakingoja kuitwa nyumbani. Hawakuitwa, wakaja kutafuta riziki Kaloleni.

Sasa ni 1986. Mzee kifua kinambana, na anaomba jambo moja tu, afie Nyarubande. Mwaka huu serikali ya kwao imetangaza kwamba nchi ni ndogo na imejaa, wakimbizi wengi wabaki waliko.

Imejaa. Neno hilo lina ufedhuli wake. Anayelisema angeeleza kwanza ni nani analima shamba la Rutayisire.

Mwezi uliopita alilisema mfanyabiashara mmoja wa Kinyarwanda, mwenye suti, aliyeelekezwa hapa kwa sifa ya maziwa. Benchi halikuwa na nafasi. Jirani, Mama Adoyo, akawaambia wenzake, "Hebu songeni kidogo, mgeni akae." Wakasonga. Mgeni akanywa vikombe viwili. Mzee alipomuuliza habari za kurudi nyumbani, akapangusa midomo.

"Mzee, nchi imejaa. Tutawaweka wapi?"

Mukandori anayasimulia haya akisuuza vikombe. "Nikamwambia, hapo ulipoketi palikuwa pamejaa. Hawa hata si ndugu zako, na wamebanana ukapata nafasi."

Mgeni akatazama saa yake. "Hayo ni mambo ya serikali, dada."

"Na mzee mmoja anayetafuta pa kuzikwa, atamaliza ardhi ya nani?"

Akalipa, akaenda zake. Mukandori anasema kama si mila angempokonya kikombe mdomoni. Mzee siku hiyo hakula.

Tangu hapo mama huyu ameacha kungoja kuitwa. Desemba atamkabidhi Mama Adoyo kibuyu na wateja, ampeleke babake Kisoro, upande wa Uganda, ambako vilima vya ng'ambo vinaonekana. Wakizuiwa kuvuka, atapanga chumba papo hapo mpakani. Kila asubuhi atamtolea mzee kiti nje, akae akitazama kwao.

Mama Adoyo ana wasiwasi. "Na wakiwafukuza hata hapo?"

Mukandori anafunika kibuyu chake taratibu.

"Waje," anasema. "Waniambie macho ya babangu yanamsonga nani."