Ngoma Iliyonichukulia Mwanangu

Nimewahi kuishi na mke mwenza, na wala sikumwonea wivu kama nilivyoionea ngoma ile.

Ilikuwa ngoma ya kulimia, bugobogobo, ya vijana wa kwetu Didia. Walikwenda shamba kwa shamba, wamejipanga mstari, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na mwenye shamba akawachinjia mbuzi. Miaka ya hamsini mwanzoni, kila mtu alipokuwa akikimbilia kulima pamba, kitinda mimba wangu aliingia katika kundi lao.

Kaka zake walikuwa wamefuata dhahabu Geita, dada zake wameolewa, baba yao nilikwishamzika. Nilibaki na huyu tu. Misimu yote tulilima wawili, yeye tuta lake, mimi langu, na kila mara tulifika mwisho pamoja. Kisimani nilijigamba kwamba mimi na mwanangu mkono wetu ni mmoja. Ila alikuwa na kaugonjwa ka kusimama: mara akwangue udongo kwenye jembe, mara anyanyue mguu atafute mwiba. Nilimwita mvivu, naye akacheka.

Sasa akawa anaamka kabla yangu, anavaa njuga, huyo! Jioni anarudi akiimba nyimbo ambazo sikumfundisha mimi. Kila neno likawa "nsumba ntale kasema." Huyo nsumba ntale, mkuu wao, ni kijana tu ambaye juzijuzi nilikuwa namfuta kamasi. Nilimchukia. Nilimchukia na mpiga ngoma, pamoja na mama aliyemzaa.

Basi nikatoa mbuzi wangu, nikawaalika. Nilijua mwanangu akikanyaga udongo wetu atatoka kwenye mstari, aje ashike tuta la kando yangu kama siku zote, na wenzake waone yeye ni wa nani.

Walikuja asubuhi. "Mwangaluka, mayu," wakaniamkia wote, kila mmoja akiniita mama, na mwanangu akaniamkia vilevile, katikati yao, kana kwamba hatukulala nyumba moja. Wakajipanga. Nikangoja atoke. Hakutoka. Nikachukua jembe langu, nikajipenyeza mpaka kando yake.

"Mayu, utaumia," mkuu wao akasema, wengine wakicheka.

"Nimelima kabla hujazaliwa wewe. Pigeni ngoma yenu!"

Ngoma ikalia. Sikuwa nimetoka jasho bado nikaona nimeachwa. Nilidhani na mwanangu ataachwa, maana si mkono wetu ni mmoja? Mgongo wake ukazidi kwenda mbali. Hakukwangua jembe. Hakunyanyua mguu. Alifika mwisho wa shamba, akalirusha jembe juu, akalidaka, akarudi na tuta jingine, na mimi nilikuwa sijafika hata kwenye kichuguu cha katikati ya shamba. Siku ile hakuchomwa na mwiba hata mmoja.

Nilipokifikia kile kichuguu nilikaa juu yake nikalia kwa hasira. Miaka yote ile alikuwa akinisubiri, na mimi namwita mvivu. Na hao wenzake, ambao hawakumbeba mgongoni hata siku moja, ndio waliopewa mkono wake wote. Nyama niliwapikia, lakini sikuionja.

Kesho yake ngoma ililia mapema upande wa pili wa kijiji. Mwanangu hakuvaa njuga. Nadhani aliyaona macho yangu. Alinifuata kwenye shamba la karanga, akashika tuta lake, mimi langu, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, nikasema kimoyomoyo, nimewashinda. Tulilima kidogo tu. Akasimama, akanyanyua mguu, akainama kuutazama unyayo.

Nilimwacha atafute. Alitafuta kweli, kwa bidii.

"Hapo hakuna mwiba," nikamwambia. "Nenda. Wanakusubiri."

"Mayu, na hili tuta..."

"Nenda kabla sijaghairi!"

Alikwenda mbio, jembe begani. Wivu haukwenda naye. Ulibaki na mimi pale kwenye karanga, na kila ngoma ilipopigwa niliisonya. Nikalima tuta langu mpaka mwisho, kwa mwendo wangu. Kisha nikarudi nikalimaliza na lake.