Digrii Nne za Shemeji

Mume wa dada yangu ni mtu mwema. Nalisema hili mapema nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Halewi, hagombani na jirani, hulala kwake kila siku. Ila kusikia la mwenzake ni kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya.

Alistaafu akiwa mkaguzi katika ofisi ya kusajili magari. Kwa miaka thelathini na mbili kazi yake ilikuwa moja: kupokea kadi ya gari, kufungua boneti, kulinganisha namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma, kisha kutia sahihi. Ikipishana tarakimu moja, mwenye gari alirudishwa alikotoka, hata awe na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma. Mpaka leo hutembea na kalamu mbili mfukoni, usije ukatokea mkasa unaohitaji sahihi akakutwa mikono mitupu.

Mtaani wanamwita Bwana Digrii. Jina hilo lilitokana na gari lake kuukuu jeupe, ambalo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hulirekebisha taiming uani. Kwa asiyejua, ndani ya injini kuna cheche inayowasha mafuta, na cheche hiyo ina wakati wake wa kuruka. Ikiwahi mno, injini inagonga. Ikichelewa, injini inakosa nguvu na kuchemka. Wakati huo hupimwa kwa digrii, na kitabu cha gari kilisema nne. Kwa shemeji, basi, hata Mungu alipoumba ulimwengu alianzia kwenye nne.

Msaidizi wake nilikuwa mimi, maana naishi kwao na sijui kukataa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye usukani na kusubiri amri. Yeye hufungua kitabu kwenye ukurasa ule ule ambao umeshakuwa mweusi kwa grisi, ingawa anaujua kwa moyo. Huchomoa mpira mwembamba wa hewa na kuuziba kwa msumari. Hubana waya wa taa yake kwenye plagi namba moja. Taa hiyo humulika kila cheche inaporuka, na ukiielekeza kwenye puli inayozunguka, alama ya chokaa iliyopakwa pale huonekana imesimama tuli. Hapo hulegeza nati ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche, na kuizungusha kidogo kidogo, ulimi nje.

"Shemeji, kanyaga mafuta."

"Nimekanyaga."

"Siyo hivyo. Kanyaga kwa adabu."

Alama ikifika kwenye nne hukaza nati, huandika tarehe kwenye daftari na kutia sahihi. Amejikagua, amejipitisha, na hakuna wa kukata rufaa.

Shida ni kwamba gari lenyewe lilikuwa halipandi mlima. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri tu, lakini likiona mwinuko lilianza kukohoa kwenye ekzosi, na ukiongeza mzigo lilichemka. Nayo shule kubwa kuliko zote hapa kwetu iko juu ya kilima. Dada yangu ni fundi cherehani. Mara tatu shule ile ilimwita awashonee wanafunzi sare, na mara tatu shemeji alisema, kitabu mkononi, kwamba gari hili halikutengenezwa kwa kupanda na mzigo na asijitie aibu. Dada akakataa mara zote tatu, akabaki kupunguza suruali za majirani na kubadilisha zipu. Sikumsikia akilalamika. Ningekuwa mimi, ningeshafungasha zipu zangu nikaenda.

Mwaka huu wakamwita mara ya nne, na safari hii alikubali kabla hajamwambia mumewe. Sare mia moja na arobaini, zifike Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi, wanafunzi wazivae siku ya kufungua muhula. Mwalimu mkuu, mama mmoja asiyemung'unya maneno, alimwambia kuwa zikifika kwa wakati kazi ya shule ni yake mwaka hadi mwaka, na zikichelewa kuna mshonaji mwingine anayesubiri na wasijuane tena. Tulishona wiki sita. Chumba cha mbele kilijaa vitambaa mpaka tukawa tunakula tumesimama. Nilitoboa matundu ya vifungo hadi nikifumba macho naona matundu.

Jumamosi shemeji alitangaza kuwa ataliandaa gari. Akaliandaa: digrii nne, tarehe, sahihi. Jumapili asubuhi dada akataka tulijaribu kilimani na nusu ya mzigo. Hatukufika hata nusu ya mwinuko, mvuke ukaanza kutoka mbele, ikabidi turudi kinyumenyume mpaka chini, shemeji akipiga honi kuwaonya watu waliokuwa wakituona vizuri sana.

"Nilisema," akasema.

Tulipofika nyumbani dada alikwenda mwenyewe hadi mwisho wa mtaa kumwita Fundi Masikio, fundi magari ambaye hufumba macho anaposikiliza injini. Shemeji hamheshimu. Humwita mtu asiye na kitabu, na kwake hilo ni tusi la nguoni.

Fundi alikuja na spana mbili na kitambaa. Akaomba gari liwashwe, akafumba macho, akakunja uso.

"Nani amemfanya hivi?" akauliza, kama daktari aliyeletewa mtoto mwenye michubuko.

"Liko sahihi," shemeji akasema. "Digrii nne. Soma."

"Mzee, hiki ni kitabu cha gari. Cha injini kiko wapi?"

"Gari na injini si kitu kimoja?"

Fundi alimimina mafuta ya taa kwenye kitambaa, akasugua ubavu wa injini pale ambapo grisi ilikuwa imeganda miaka, mpaka namba ikatokea. Akaomba kadi. Shemeji aliifuata ndani kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kushinda kesi. Alirudi, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya ofisini, kidole kimoja kwenye kadi na kingine kwenye chuma. Hakupita tarakimu ya pili. Namba hazikufanana hata kwa ukoo.

"Aliyekuuzia alikuwa amebadilisha injini," Fundi akasema taratibu. "Hii inatoka kwenye gari kubwa kidogo. Huyu hataki nne, mzee. Anataka kama kumi na mbili hivi. Miaka yote unamchelewesha."

Dada aliichukua ile kadi, akaigeuza upande wa pili. Chini kabisa palikuwa na mstari: Injini imekaguliwa, iko sahihi. Na hapo pembeni, imepinda na kujipamba, sahihi ya mumewe. Gari lake mwenyewe alilikagua mwenyewe, akiwa mezani, bila kufungua boneti.

"Siku ile mvua ilikuwa inanyesha," shemeji akasema.

Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu hata kujishika paji la uso hakujishika. Watu wangapi aliwarudisha kwa tarakimu moja! Nilicheka hadi nikaegemea ukuta, na sikujificha. Yeye aliitazama injini, akaitazama kadi, kisha akatoa uamuzi.

"Basi iliyokosea ni injini."

Fundi alilegeza nati. Dada alisimama karibu naye, karibu zaidi kuliko nilivyowahi kumwona akisimama kando ya gari lile, maana mumewe hapendi watu wakizuia mwanga.

"Unasikiliza nini?" akamuuliza.

"Anavyolalamika, mama. Namgeuza kuja huku kwangu, anachangamka, anachangamka, kisha nikimpa mafuta anaanza kugonga kwa mbali. Hapo namrudisha nyuma kidogo tu. Sikia."

Hata mimi nilisikia. Ule mngurumo wa uchovu niliouzoea ulitoweka. Kazi yote haikuzidi dakika tano. Tulipakia mzigo na magunia ya mchanga juu yake, tukapanda kilima moja kwa moja mpaka langoni mwa shule, ambako palikuwa pamefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Dada alishuka, akasimama pale juu akitazama chini kwenye mabati ya mtaa wetu, akacheka peke yake. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Shemeji alibaki ndani ya gari, anasoma kitabu.

Jioni tulikuwa na sare sitini za kutia vifungo na kupiga pasi. Jua halijazama, shemeji akatoka, akasema anaangalia oili. Nilisikia mlio wa spana uani. Nilijua kabisa kuwa oili haiangaliwi kwa spana, lakini nilikuwa na sindano mdomoni na uvivu moyoni. Hilo kosa ni langu na nalikubali.

Jumatatu saa moja kasoro tukaondoka. Gari limejaa hadi dirishani, mimi nimebanwa nyuma kati ya sketi na mashati. Kwenye tambarare nikahisi kitu hakiko sawa. Mwinuko ulipoanza gari likakohoa. Likakohoa tena. Katikati ya kilima likatoa mvuke, likazimika.

Dada hakupiga kelele. Alimgeukia tu.

"Umeigusa?"

"Nimeirudisha kwenye namba yake."

"Namba ya nani?"

"Ya kitabu. Mama watoto, elewa. Siwezi kuendesha gari lenye namba isiyoandikwa popote. Polisi akiniuliza?"

"Polisi akuulize digrii!" nikapayuka kutoka kwenye mashati. "Shemeji, wewe ni mtu mzima kweli?" Sijawahi kumsemesha hivyo, na sikujuta. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili lake lilikuwa linatuzika sisi.

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Dada alishuka, akafungua boneti, akasubiri. Nadhani hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kusimama pale dakika kumi na tano bila kufanya kitu, wanafunzi wakipita na nguo zao za zamani, mpaka injini ilipopoa na akaongeza maji. Kisha akanyoosha mkono kwa mumewe.

"Spana."

"Utaungua."

"Spana, baba watoto."

Akampa. Dada akavua kitambaa chake cha kichwani, akakizungushia kiganjani, akaniambia nikae kwenye usukani niwashe. Akalegeza nati. Sikumwona uso kwa sababu ya boneti, niliona vidole vyake tu kupitia upenyo, vimeishika distributa, vinaivuta kuelekea kwake. Mngurumo ukapanda.

"Kanyaga," akasema. Nikakanyaga. Kwa mbali, kitu kikagonga. Vidole vikarudi nyuma kidogo, vikatulia.

"Kanyaga tena."

Safari hii hapakugonga kitu. Alikaza nati, akafunga boneti, akamwambia mumewe, "Endesha. Usiseme neno."

Shemeji akaendesha, na neno hakusema. Tuliingia langoni saa mbili kasoro dakika nane. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, akatazama saa yake, akatazama marobota, akaita wasichana wa darasa la juu waje kubeba. Alivuta shati moja, akageuza pindo la ndani akalichunguza, akamwambia dada waonane baadaye wapange za muhula ujao. Dada akaitikia kwa kichwa.

Tuliporudi kwenye gari, sote watatu tulikaa bila kuwasha. Shemeji ndiye aliyeanza, maana hawezi kunyamaza.

"Lakini hukupima," alisema, na naapa aliongea kwa upole. "Hujui umeweka ngapi."

"Sijui," dada akasema. Alikuwa anatazama kiganja chake, kilichoungua kidogo licha ya kitambaa. "Nilikuwa nalisikia. Tangu tulinunue, kila tulipopanda mahali nilisikia kwamba linateseka. Nikawa nasema masikio yangu ndiyo mabovu, kwa sababu wewe ulishatia sahihi. Mara tatu wameniita hapa. Mara tatu nikasema siwezi."

Nilikuwa na kejeli tayari ulimini, nikaimeza. Shemeji alitazama usukani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mzee yule hakuwa na ukurasa wa kufungua.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Uliniuliza lini?"

Namjua, najua alikuwa anapekua mwaka baada ya mwaka kichwani, anatafuta japo siku moja iliyoandikwa. Wasichana walikuwa wameshaanza kutoka madarasani na sare mpya, mikunjo ya pasi yetu bado iko wima kwenye mikono ya mashati. Dada aliwatazama. Kisha akamwambia mumewe awashe gari, kwa kuwa nyumbani kuna vitambaa vya kukata.