Mti Usiopenda Kuondoka Nyumbani

"Chuma imekufa, Mama Manju. Angalia mwenyewe. Haikati, inararua."

"Haijakufa. Ni wewe unapiga kama mtu anatwanga mahindi."

"Miaka miwili napiga hivi hivi. Leo ndio umeona natwanga?"

Ni asubuhi ya Jumatano, Oktoba 1974, katika chumba cha nyuma cha duka dogo la vifaa vya kuandikia mtaani Bondeni, Nakuru. Chelangat ameshika nyundo ya mbao mkono mmoja, na mkono wa pili karatasi ya kijani iliyochanika pembeni. Mbele yake amesimama mwenye duka, Bhagwanti, mjane wa miaka sitini hivi, ambaye yeye humwita Mama Manju kwa jina la bintiye aliye Uingereza. Ncha ya sari yake ameichomeka kiunoni, na kwake hiyo ni dalili kwamba hana mpango wa kushindwa.

Wanagombania mti wa Krismasi.

Mti wenyewe ni ukanda wa chuma uliokunjwa kwa umbo la msonobari, na ukingo wake wa chini una makali kama kisu. Chelangat huuweka juu ya karatasi, karatasi ikiwa juu ya gogo, kisha hugonga mara moja. Mti wa karatasi unaotoka hapo hubandikwa kwenye kadi na kupambwa kwa pamba iliyochambuliwa. Hiyo pamba ndiyo theluji.

Theluji yenyewe Chelangat hajaiona. Bhagwanti pia hajaiona.

"Mimi nilizaliwa Molo, nikajua mvua ya mawe tu," anasema Chelangat, mama wa watoto wanne. "Mwaka wa kwanza Mama Manju akaniambia theluji ni nyeupe, ni laini, ina vidole vidole. Nikafikiri, kitu cheupe chenye vidole ni ua la pareto. Nikakata pareto kwa mkasi, nikajaza kadi zote. Zilinunuliwa zikaisha. Hakuna aliyerudisha."

Zamani wanunuzi walikuwa masetla, wakulima wa Kizungu wa Subukia. Wengi wao wameuza mashamba na kwenda zao. Sasa wanaobisha mlangoni ni wazazi wenye watoto masomoni Ulaya.

"Kuna mama wa Rongai, kijana wake aliandika kwamba huko baridi inauma mpaka meno," anasema Chelangat. "Akaniambia, nitilie theluji nyingi, ajue mama yake anaifikiria hiyo baridi."

Kadi hizi husafiri kwa meli. Zisipofika posta Ijumaa hii, Krismasi itazipita njiani. Na tangu jana, kila mti unaotoka kwenye gogo unatoka umechanika.

Dawa yake ni kunoa chuma, basi. Jiwe la kunolea, lile la kuzungusha kwa mkono, liko pale pale dirishani. Lakini Bhagwanti hataki chuma hicho kiguswe.

Kilitengenezwa na marehemu mumewe, Jagdish, kutokana na bapa la msumeno wa zamani wa kiwanda cha mbao. Alipokuwa akikimalizia, tupa, kile chombo cha kusugulia chuma, ilimteleza ikaacha pengo kwenye tawi la chini, dogo kama punje ya mchele. Mahali hapo chuma hakikati. Tangu siku hiyo, kila mti hubaki umeshikamana na karatasi yake kwa kipande chembamba kama uzi, na lazima mtu aukate kwa mkasi.

Mtu huyo alikuwa Bhagwanti. Jagdish alikuwa akigonga, yeye akikata uzi, chai ikipoa kati yao.

"Mzee alikuwa anasema, huu mti haupendi kuondoka nyumbani," anakumbuka Chelangat. "Kila siku maneno hayo hayo. Na kila siku mama anacheka kama ni mapya."

Jagdish alifariki mwaka juzi. Mkasi haujabadilisha mkono; bado ni Bhagwanti anayekata. Na chuma kikinolewa mpaka kikate, lile pengo litakwisha.

Chelangat anajua hayo yote. Ndiyo maana sasa ameweka nyundo chini, na sauti pia.

"Mama Manju, mimi pia nilimpenda mzee. Lakini hii inaenda kwa mtoto wa mtu." Anainua mti uliochanika. "Na Manju je? Huko Leicester utampelekea hii?"

Bhagwanti anavuta kiti.

"Piga moja," anasema. "Karatasi moja tu. Polepole, usirarue."

Chelangat anatandika gazeti chini ya karatasi, anabana pumzi na kugonga. Mti unatoka safi, bahati ya mara moja, umening'inia kwa uzi wake. Bhagwanti anachukua mkasi kama kawaida, kisha anaurudisha mezani. Anaikunja karatasi nzima, mti ukiwa bado umeshikilia, na kuitia ndani ya bahasha yenye jina la binti yake.

"Ataona kadi haijaisha," anasema Chelangat.

"Manju alilelewa chini ya hiyo meza. Atajua."

Analamba bahasha, anaifunga. Kisha anachukua chuma mwenyewe na kwenda dirishani.

"Kuja uzungushe. Nitashika mimi. Nikikuachia utamaliza chuma yote."

Jiwe linalia. Cheche ndogo zinarukia kwenye sari, na Bhagwanti hazijali.

"Mwaka ujao tutafute fundi atutengenezee chuma ya ile pareto yako," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini tutaiita pareto. Tumedanganya watu ya kutosha."

"Nilikuwa nataka kukuomba hiyo tangu Pasaka."

"Sasa mbona ulinyamaza? Kwa kelele unaweza."

Wanarudi kwenye gogo. Chelangat anagonga. Bhagwanti tayari amenyoosha mkasi, lakini mti umeshalala mezani, mzima, haujashikwa na chochote. Anautazama, anaweka mkasi ndani ya droo, na kuuchukua mti kwenda kuupaka gundi.

"Lete mwingine," anasema.