Jani la Isale kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike nilimzidi miaka sita, na jua lilikuwa linamla. Sina neno jingine. Uso ulimjaa madoa meusi hata shule hajaanza, halafu vikaja vidonda. Miaka ile ya Ujamaa, majirani zetu wa Kibosho walishirikiana kila kitu, hata ushauri: mtoeni nje, jua hukausha kidonda. Na mimi, mjuaji wa darasa la sita, nikaamini. Likizo nzima nilimtoa kivulini mwa migomba kila asubuhi, nikamketisha kando ya kahawa tuliyoanika.

"Dada, linaniuma," alilia.

"Vumilia. Dawa chungu ndiyo inayoponya."

Ee Mungu wangu! Ndivyo nilivyomwambia.

Uvimbe ulipoota karibu na jicho, baba alitupeleka hospitali Moshi mjini. Daktari alizungumza na baba, lakini nilisikia kila neno. Ndani ya kila seli, alisema, mna nyuzi nyembamba mno zilizobeba maagizo ya mwili mzima. Jua huziharibu kila siku, kwa kila mtu. Sisi wengine mwili huzitengeneza kimyakimya, wala hatujui. Mwili wa mtoto huyu hauwezi, amezaliwa hivyo. Uharibifu hurundikana mpaka seli haisikii tena amri ya kuacha kugawanyika, na hapo uvimbe huanza.

"Kwa hiyo kila alipokaa juani..." baba alisema.

"Kila alipokaa juani," daktari akajibu.

Baba hakunitazama. Afadhali angenichapa.

Kwetu Uchaggani, aliyekosa humwendea aliyemkosea na jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, na anayepelekewa hakatai kusamehe. Ni jambo zito la watu wazima. Sijapata kusikia mtoto mdogo akipelekewa. Nilikata moja mpakani mwa kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, nikalifunga fundo, nikapiga magoti kando ya kitanda chake. Chumba kilikuwa giza, maana dirisha tulikuwa tumeliziba kwa blanketi. Nilimwekea jani kiganjani huku nikilia.

Alilipapasa lile jani mpaka akalifikia fundo.

"Nimepokea," alisema, taratibu, kama mama mtu mzima. Kisha akageuza uso ukutani. "Dada, blanketi limeachia pale pembeni. Jua linaingia."

Niliruka nikalibana kwa mikono yote miwili, na sikuliachia mpaka jua lilipozama.