Yowe la Mtu Aliye Hai

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haya kusema. Nafundisha baiolojia Masasi, na shule zikifungwa napanda Newala kwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyenilea na kunisomesha. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Neno lake likishatoka, limetoka.

Likizo ile nilimkuta uani anageuza korosho juani kwa ufagio. Mzima kabisa, anatania kama kawaida: mwalimu gani huyu, chaki zimemla mashavu! Akanipa mkono, nikaona kovu chini ya kidole gumba. Nikauliza ni nini.

"Mbwa," akasema. "Mambo ya zamani hayo. Kabla hatujaanza kuokota korosho."

Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele kando, akanisimulia. Mbwa asiye na mwenyewe aliingia mchana kweupe. Hakubweka wala hakunguruma. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa mjomba, akamng'ata, akamwachia, akatoka taratibu kuelekea nyumba za jirani huku mate yanamdondoka. Mkewe alitaka kuosha kidonda, mjomba akamkataza: maji yenyewe ndoo moja, ya kunywa na ya kupikia, yaishie kwenye kidonda cha jino moja? Basi akalowesha ncha ya kanga, akafuta. Kwa Newala hii isiyo na maji, nani atamlaumu?

"Na kilivyopona upesi!" mkewe akasema kwa furaha. "Hakikutunga usaha, hakikuvimba, wala homa hakupata."

Mimi sikufurahi. Kidonda kile kilikuwa kimepona vizuri mno.

Nikakaa nao, nikawaeleza. Kila seli ya mwili ni nyumba yenye mtu ndani. Mwizi akiingia, mwenye nyumba hupiga yowe, na majirani wakisikia hufunga milango na kushika marungu. Homa na uvimbe ndiyo purukushani yenyewe. Virusi vingi hujua kuvuruga yowe hilo, lakini hiki cha kichaa cha mbwa ni hodari kupita kiasi. Kikiingia kwenye neva humziba mwenye nyumba mdomo. Hakimuui, maana kinamhitaji. Kinazaliana humo, kinahamia nyumba ya pili, ya tatu, kinapanda polepole kwenda kwenye ubongo, na hakuna jirani aliyesikia kitu. Siku mgonjwa anapoanza kuhisi, hakuna tena dawa. Kabla ya siku hiyo, chanjo yaweza kuuamsha mwili ukakiwahi.

"Kwa hiyo," mjomba akasema, "naumwa kwa sababu siumwi."

"Huenda. Twende hospitali, mjomba. Leo hii."

Akacheka mpaka akakohoa. Kidonda kimefunga, achomwe sindano ya nini? Watu waseme mzee anadeka? Na korosho ataanua nani? "Limekwisha hilo," akasema, akashika ufagio wake.

Nilimtazama mkono. Nikawaza kwamba huenda saa ile ile, chini ya ngozi ile laini, kuna kitu kinapanda, na mwenyewe anacheka. Niliogopa vibaya sana. Na mimi nikiogopa, nakasirika. Nikajifunga kanga kiunoni, nikakaa chini vumbini, nikanyoosha miguu, nikaweka mikono kichwani.

"Mjomba wangu weee! Mjomba wangu ameniachaaa!"

Kwetu yowe la msiba halina mchezo. Likipigwa, mtu huacha jembe shambani na chungu jikoni. Kumlilia aliye hai ni uchuro wa kugombanisha ukoo mzima. Mkewe aliangusha ungo. "Nyamaza! Unatuchuria!" Nikazidisha. Wakamiminika, wanawake wanalia toka njiani, watoto migongoni, wakamkuta marehemu amesimama na ufagio mkononi. Hakuna aliyecheka. Waliokuwa nyuma hawakumwona, wakaendelea kulia: nani atatuamulia kesi zetu, nani atatuzikia watu wetu? Mjomba akawa anasikiliza. Uso wake ulibadilika rangi. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu maishani mwangu.

"Basi," akasema polepole. "Niitieni bodaboda."

Alipokuwa anapanda pikipiki, jirani mmoja muuza vitumbua akanigusa bega. Akapandisha kanga kidogo, akanionyesha muundi wake. Palikuwa na alama ndogo, safi, imefunga vizuri.

"Mwalimu, ni mbwa yule yule," akaninong'oneza. "Lakini mimi sisikii kitu."

Mjomba alimsikia. Akasogea mbele, akapiga kiti nyuma yake kwa kiganja. "Panda," akamwambia. "Au unataka na wewe usikie kilio chako?"

Pikipiki ikaondoka nao wote wawili. Lakini watu hawakutawanyika. Mama mmoja akamshusha mwanawe mgongoni, akamgeuza geuza miguu juani. Na wa pili akamshusha wake. Uani akina mama wakainama, wanakagua viganja na nyayo za watoto wao, wakitafuta vidonda vilivyopona.