Kibuyu cha Samli Kilichobaki Ukutani

Samli ikiyeyuka kwenye sufuria inanuka zizi, moshi na maziwa yaliyolala, vyote pamoja. Wajukuu zangu hapa Kamunyonge wanaikimbiaga, eti inashika kwenye nguo. Mimi juzi niliinusa nikakaa chini. Mjukuu wangu Neema alikuwa barazani na simu, anapanga na wenzake safari ya tamasha la muziki, kwenye uwanja wa wazi wenye viti vya ngazi ngazi kama mteremko wa mlima. Nani avae nini, nani abebe maji. Wamepanga wiki nzima mpaka nimechoka mimi ambaye siendi.

Ndipo nikamkumbuka mama, na tamasha letu.

Tulikuwaga tunaishi upande wa Butiama, kwa baba: ng'ombe wengi, watu wengi, na mama mmoja wa kuwahudumia wote. Sisemi kwa ubaya, baba hakuwa mtu mbaya. Mama aliamka kukamua, akaenda kwenye mihogo, akarudi akatwanga, akachota maji, akapika, na hata akikaa mikono yake ilikuwa inachambua kitu. Shule mimi niliishia darasa la pili ili nimsaidie, na bado hatukuimaliza ile kazi hata siku moja.

Mama alikuwa na kaka yake, mjomba Magesa, mpiga litungu. Litungu ni chombo chetu cha nyuzi nane, unakishika kifuani kama mtoto anayelia. Mjomba alikwenda Kisorya kuvua ningu, samaki ambaye ninyi mliozoea sangara hamumjui, lakini tuyaache hayo. Miaka ikapita hatumwoni. Siku moja fundi cherehani wa Bunda, aliyekuwaga anazunguka minadani na cherehani yake nyuma ya baiskeli, akatuletea habari: Magesa atapiga litungu Musoma, kwenye ile miamba ya ziwani iliyojipanga kama viti, watu wakae juu na wapigaji chini.

"Lini?" mama akauliza.

"Mnada ukiisha, keshokutwa yake, Jumamosi."

Sasa ninyi mna kalenda. Sisi tulikuwa na mnada wa ng'ombe, mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi. Ndoa ilipangwa kwa mnada, hata mimba ilihesabiwa kwa mnada. Baba akasema, "Mama Nyangeta, utakwenda mara moja, mnada ukipita." Ruhusa ya baba ilikuwa hivyo. Ikishatoka hainyang'anywi, ila usiiombe tena.

Tukaanza kupanga. Shangazi, dada yake baba, akakubali kukamua. "Nitakamua, wifi, lakini maziwa yakipungua usiniulize. Ng'ombe wako wana maringo kama mwenyewe." Mama akacheka. Kila akisukasuka maziwa alitenga samli kidogo kwenye kibuyu chenye shingo ndefu, akakitundika ukutani. "Hiki ni cha mjomba wako, usikiguse." Nilikigusa. Nilichovya kidole kila siku, na nadhani alijua.

Mara bwana mifugo akafunga mnada, ng'ombe walikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Ukasogezwa hadi Alhamisi ya mbele. Sisi hatukuwa na wasiwasi. Kama mnada haujawa, basi na Jumamosi yetu haijawa. Baba mwenyewe alisema hivyo na nyumba nzima ikakubali. Musoma hawakutusubiri.

Jumapili baada ya misa mama alisimama na mwanamke mmoja aliyetoka Musoma. Nilimwona mama anatikisa kichwa polepole, kisha akaifunga khanga yake upya, ingawa ilikuwa imefungika vizuri. Njia nzima alitembea mbele yangu, sikuuona uso wake. Tulipofika nyumbani akaendelea na safari yake: akafua gauni langu, akachemsha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vikavu vya njiani, akamkumbusha shangazi habari za ndama.

Mnada ukafanyika, na Jumamosi alfajiri tukatoka. Nikakiona kibuyu ukutani.

"Mama, umesahau samli ya mjomba."

"Kiache. Kitamwagika njiani."

Kilikuwa kimezibwa kwa gunzi, hata ukikigeuza hakitoi tone.

Tulipanda lori la pamba, tukakaa juu ya magunia. Pale kwenye miamba tulimkuta mzee mmoja anafagia maganda ya miwa.

"Mmefuata muziki? Uliisha wiki iliyopita, mama. Yule wa litungu amesharudi Kisorya."

Mimi nikaanza kulia. Mama hakushtuka.

"Asante, baba. Tutakaa kidogo."

"Kaeni tu. Mawe hayana mwenyewe."

Akapanda mpaka katikati, akakaa, akanyoosha miguu. Mikono akailaza mapajani, viganja juu, havina kitu. Ziwa lilikuwa linapiga mawe taratibu. Tukala michembe. Jua likasogea.

"Mama, tunangoja nini?"

"Hatungoji kitu, Nyangeta. Kaa."

Kisha akasinzia pale pale, mdomo wazi, nami nikamfukuzia nzi mpaka saa ya lori.

Nyumbani baba akauliza, "Magesa kapigaje?"

"Vizuri," mama akasema.

Shangazi akakitazama kibuyu ukutani, akamtazama mama. Kesho yake alikamua tena bila kuombwa.

Nilikuja kuelewa nikiwa nimeolewa Bugwema, nina watoto saba na zizi langu. Nilikuwa nayeyusha samli jioni moja, nikauweka mwiko chini. Kile kibuyu hakikusahauliwa. Mama alijua tangu Jumapili ile kwamba kaka yake ameshapiga na ameshaondoka. Angesema, ruhusa ingekwisha pamoja na tamasha. Akamlilia kaka yake njiani kutoka kanisani, kimya kimya, halafu akachukua kilichobaki: siku moja ya kukaa. Litungu hakulisikia tena. Mjomba alikuja kulipiga kwenye msiba wa mama.

Jana Neema ameniambia, "Bibi, twende wote, nitakukatia tiketi. Unampenda msanii gani?"

Nimemuuliza tu kama hizo ngazi zina pa kuegemeza mgongo.